Kubeba Chenso Kwenye Pikapu Unapokwenda Kukata Kuni: Mwongozo Kamili

Simama jioni kando ya barabara inayotoka kwenye mashamba ya milingoti ya Mufindi au miwati ya Njombe, utazame pikapu za kuni zinavyopita. Kwenye nyingi utaona chenso, yaani msumeno wa injini, imelazwa juu kabisa ya mzigo, upanga (bapa la chuma linalozungukwa na mnyororo wa meno) hauna ala, dumu la petroli limebanwa na gogo, na utingo amekaa juu ya vyote hivyo. Mashine iliyoshikwa kwa uangalifu mchana kutwa shambani inasafirishwa ovyo katika saa ya mwisho ya kazi. Mwongozo huu unahusu saa hiyo, pamoja na maandalizi ya nyumbani yanayoifanya iwe rahisi.

Chenso iliyozimwa bado ina hatari tatu ndani yake: meno, uzito na petroli. Jino la mnyororo lililonolewa vizuri hupasua ngozi kwa mguso tu, injini iwe imewaka au imezimwa. Kuhusu uzito, mashine kubwa za kukatia kuni, kama Stihl MS 381, zina zaidi ya kilo 6 kabla hujafunga upanga na mnyororo. Ukishafunga upanga wa inchi 20 na kujaza petroli na oili, unabeba kilo 8 hadi 9. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mashine ya kilo 8 ambayo haijafungwa inataka kuendelea mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 160. Petroli nayo hutoa mvuke hata kwenye baridi ya Makete mwezi wa Julai, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutuama chini ya chombo chochote kilichofungwa.

Kila hatari ina dawa yake: meno yanavikwa ala, uzito unafungwa, petroli inatengwa na kupewa hewa. Ukifanya mawili ukaacha la tatu, hujamaliza.

Kabini si mahali pake

Watu huweka chenso miguuni mwa abiria au nyuma ya kiti kwa kuogopa wezi na vumbi. Hofu hiyo ina msingi, lakini kabini ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Mvuke wa petroli hukusanyika mahali penye watu, swichi, chaja ya simu na pengine sigara. Dereva akivuta harufu hiyo kwa saa nzima, kichwa huuma na umakini hupungua. Gari likipinduka, mashine inaruka humo humo mlimo na vichwa vya watu. Wizi una dawa nyingine, nayo nitaieleza kwenye boksi.

Ukiwa na pikapu yenye kanopi, usidhani umemaliza kazi. Kanopi isiyo na matundu ya hewa hushika mvuke vilevile, kwa hiyo vidirisha vyake viachwe wazi kidogo safari nzima.

Boksi la mbao nyuma ya kabini

Njia inayofaa kwa mtu anayekata kuni mara kwa mara ni boksi moja imara, limefungwa kwenye bodi, limeegemea ukuta wa kabini, limelala kwa upana wa gari. Upana una sababu yake. Ukilaza chenso kwa urefu wa gari, ncha ya upanga ikatazama mbele, breki moja ya ghafla inausukuma upanga kwenye ukuta wa kabini. Ikilala kwa upana, ubavu mzima wa mashine ndio unaoegemea ukuta.

Kwa chenso yenye upanga wa inchi 20 (sentimita 50), boksi la urefu wa sentimita 100, upana wa 34 na kina cha 40 kwa ndani linatosha, na nafasi ya vidole inabaki. Pima mashine yako kwanza ikiwa imevikwa ala. Upanga wa inchi 25 unataka sentimita 13 zaidi za urefu. Tumia plaiwudi ya milimita 18, na pembeni za ndani uweke mbao za inchi mbili kwa mbili. Unganisha kwa skrubu. Misumari hulegea upesi kwenye barabara za matuta.

Ndani ya boksi, kazi kubwa ni kuizuia mashine isitembee. Piga vipande viwili vya mbao sakafuni, kimoja mbele na kimoja nyuma ya mwili wa injini, ili chenso ikae wima kwenye nafasi yake kama inavyokaa ardhini. Upande wa upanga, simamisha ubao wenye mkato wa upana wa sentimita 4 ambamo upanga uliovikwa ala unaingia. Mkato huo ndio unaouzuia upanga usipige huku na huku. Bila mkato, upanga hucheza kila gari linapopita kwenye shimo, na baada ya wiki chache utakuta bolti zinazoukaza zimelegea.

Chini ya mashine weka sinia la bati au sufuria pana iliyochakaa. Chenso hudondosha oili ya mnyororo hata ikiwa nzima kabisa. Kuna oili iliyobaki kwenye mfereji wa upanga, na tangi likipata joto la jua oili hutanuka na kujisukuma nje. Kijiko kimoja au viwili kwa siku si ugonjwa. Ukikuta tangi zima limemwagika, hapo pampu, bomba lake au kifuniko kina kasoro. Usiweke unga wa mbao kwenye sinia ili unyonye oili, kwa sababu unga ulioloa petroli ni kiberiti tayari. Mchanga mkavu unafaa zaidi, ubadilishwe ukishalowa.

Toboa matundu ya hewa sita ya milimita 12 chini kabisa, kwenye kuta mbili fupi, na mengine manne juu. Ya chini ndiyo yanayotoa mvuke. Wengi hutoboa ya juu tu, na mvuke unabaki palepale.

Boksi lenyewe lifungwe kwa bolti nne za milimita 10 zenye washa pana juu na chini ya bati la bodi. Kabla hujatoboa, ingia uvunguni uangalie: chini ya bodi hupita mabomba ya breki, bomba la mafuta, nyaya za taa, na kwenye magari mengi tangi la mafuta liko upande mmoja. Weka alama kwa chaki kutoka chini, hakikisha pako wazi, ndipo utoboe. Kama gari si lako, tumia mikanda miwili ya racheti iliyoshikwa kwenye ndoano za bodi.

Kuhusu wezi: funga kifuniko kwa komeo na kufuli, kisha ndani pitisha mnyororo wa chuma kwenye mshikio wa nyuma wa chenso, uufunge kwenye bolti ya sakafuni. Ukisimama Mafinga au Makambako kunywa chai, mtu hataondoka na mashine kwa mkono mmoja.

Ukiwa huna boksi

Laza gunia nene au kipande cha zulia sakafuni, simamisha chenso juu yake kwenye kona ya mbele ya bodi, ala ikiwa imevikwa, breki ya mnyororo imesukumwa mbele. Pitisha mkanda wa racheti ndani ya mshikio wa mbele, mkanda wa pili ndani ya mshikio wa nyuma, kila mmoja uvute upande wake. Kaza mpaka mashine isitingishike kwa mkono, uache hapo. Ukizidisha, unazibana raba za kuzuia mtetemo zilizo kati ya mishikio na injini, nazo zikikatika mashine inakuwa ya kutetema na ngumu kuiongoza.

Mkanda usipite juu ya kinga ya mkono, kwa sababu hiyo ndiyo breki na huvunjika. Usipite juu ya vifuniko vya matangi pia. Mpira wa tyubu unaotumika kila mahali kufungia mizigo ni mzuri kushikilia ala au turubai, lakini usiutegemee peke yake kushika chenso. Mpira hunyumbuka, na kwenye breki ya ghafla ndipo unaponyumbuka zaidi.

Ala

Ala ya plastiki inayokuja na mashine mpya ndiyo kifaa kinachopotea mapema kuliko vyote. Ikipotea, tengeneza nyingine siku hiyohiyo. Kata vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 6, urefu sentimita 2 zaidi ya upanga, upana sentimita 12. Katikati yake weka vijiti vya unene wa milimita 12 kwenye ukingo mmoja mrefu na kwenye ncha, gundisha na upige misumari midogo. Unapata mfuko mwembamba ambao upanga na mnyororo vinaingia bila kubana. Toboa tundu karibu na mdomo, funga mpira wa tyubu unaozunguka mshikio wa nyuma ili ala isichomoke njiani. Ipake rangi nyekundu au ya chungwa, maana ala ya rangi ya mbao ikidondoka kwenye majani hutaiona tena.

Gunia lililoviringishwa kwenye upanga si ala. Meno hulitoboa, nyuzi zake huingia kwenye giya ya mnyororo, na mtu akilishika akidhani pako salama anajikata.

Petroli na oili

Hapa ndipo penye makosa mengi. La kwanza ni dumu la plastiki la mafuta ya kupikia. Plastiki yake haikutengenezwa kwa petroli, na kifuniko hakina mpira wa kuziba. Gari likitoka Ruaha Mbuyuni na kupanda Kitonga hadi Iringa, linapanda zaidi ya mita elfu moja. Hewa ya nje inapungua mgandamizo, mvuke ndani ya dumu unatanuka, dumu linavimba na petroli inatafuta njia kwenye kifuniko. Jua likiwaka juu yake, hali inakuwa mbaya zaidi. Chupa za maji ya kunywa ni mbaya kuliko dumu, kwa sababu mtoto akiona chupa anakunywa.

Tumia jerikeni la chuma la lita 5 au 10 lenye mpira wa kuziba kwenye mdomo, au la plastiki lililotengenezwa mahususi kwa petroli. Lijaze hadi asilimia 95 tu; jerikeni la lita 10 lipokee lita 9 na nusu. Andika kwa rangi PETROLI YA CHENSO, kwa sababu petroli hii imechanganywa na oili, na mtu akikosea akaweka petroli tupu kwenye mashine, pistoni inakwaruzika ndani ya dakika chache.

Mchanganyiko wa kawaida kwa oili nzuri ya injini za mipigo miwili ni 1 kwa 50: mililita 20 za oili kwa kila lita, yaani mililita 100 kwa lita 5. Changanya cha wiki chache tu. Petroli iliyochanganywa ikikaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika. Oili ya mnyororo ibebwe kwenye chombo tofauti chenye rangi tofauti. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari isitumike hapo. Ina chembe za chuma zinazokula upanga na pampu, na mnyororo huirusha hewani ukaivuta na kuipaka kwenye ngozi.

Kituoni, shusha jerikeni chini kwenye sakafu kabla ya kujaza. Bodi nyingi zina zulia la plastiki, na chombo kikijazwa juu yake umeme tuli hauna pa kwenda. Cheche moja ndogo kwenye mdomo wa jerikeni inatosha kuwasha mvuke. Mdomo wa chuma wa pampu uguse mdomo wa chombo muda wote unapojaza.

Kwenye bodi, jerikeni lisimame wima, lifungwe peke yake kwa mkanda, mbali na boksi la chenso na mbali na shoka. Angalia ekzosi ya gari lako inatokea upande upi, uliweke upande wa pili. Lifunike kwa kitambaa cheupe au kibao ili lisipigwe na jua moja kwa moja.

Kufunga kazi na kupakia, hatua kwa hatua

Saa 11 jioni kila mtu anakimbizana na jua. Haraka hiyo ndiyo inayorusha chenso ya moto juu ya kuni. Dawa yake ni ndogo: gogo la mwisho likatwe mapema, saa 10 hivi, ili mashine ipoe wakati watu wanapakia kuni.

1. Zima mashine, iweke kivulini juu ya ardhi tupu, si kwenye majani makavu. Usijaze tangi kwa ajili ya kesho. Mashine isafiri ikiwa na mafuta kidogo iwezekanavyo.

2. Subiri dakika 20. Kisha dondosha tone la maji kwenye ekzosi ya chenso. Likichemka na kulia, bado. Likitulia na kutiririka, endelea. Ekzosi ya moto huyeyusha turubai, huunguza gunia, na huwasha mvuke wa petroli.

3. Legeza mnyororo nusu ya mzunguko wa skrubu yake. Wengi huiruka hatua hii. Mnyororo hutanuka kwa joto la kazi, na kama uliukaza mchana ukiwa wa moto, ukipoa usiku husinyaa na kuvuta upanga na ekseli ya injini kwa nguvu kubwa. Asubuhi utaukaza upya ukiwa baridi.

4. Kwa brashi, ondoa unga wa mbao kwenye mapezi ya kupoozea, kwenye kifuniko cha giya na kuzunguka vifuniko vya matangi. Unga uliolowa oili hubeba moto na huficha mvujo.

5. Kagua vifuniko. Vile vya kukunja bila spana huonekana vimefungwa kumbe jino moja halijaingia. Inamisha mashine upande wa vifuniko juu ya kitambaa kikavu kwa dakika moja. Kitambaa kikiloa petroli, fungua, safisha mpira wa kuziba, funga tena, urudie jaribio.

6. Sukuma breki ya mnyororo mbele, vika ala, funga mpira wake.

7. Kwenda garini, beba kwa mshikio wa mbele, upanga ukitazama nyuma, ekzosi mbali na mwili wako. Weka mashine kwenye mlango wa bodi ulioshushwa, ndipo upande, kisha uinyanyue tena. Usimrushie mwenzako aliye juu, wala usipande nayo mkononi huku mkono mwingine umeshika gari.

8. Iingize kwenye boksi kabla ya kuni. Chenso inayosubiri kuni zimalizwe kupakiwa huishia juu ya mzigo.

Kuni zenyewe zisizidi kimo cha kuta za bodi. Mlingoti mbichi ni mzito: mita moja ya ujazo iliyopangwa inakaribia kilo 650, na bodi ya pikapu ya kabini moja iliyojaa hadi ukingoni inabeba takriban tani nzima. Ndiyo kusema bodi ikijaa, gari limejaa. Magogo yaliyopangwa juu ya boksi hulivunja, kwa hiyo acha upana wa kiganja kati ya kuni na boksi, na weka ubao wa kuzuia.

Shoka, kabari na panga viwe kwenye sanduku lao, makali yamefunikwa. Shoka lisilofungwa hutoboa jerikeni. Kwenye kabini, mahali ambapo mkono wa dereva unafika, weka kizima moto cha unga cha kilo 2 na mkoba wa huduma ya kwanza wenye bandeji pana za kukandamiza jeraha linalovuja damu. Hapohapo weka kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia, ili ukifika kwenye kizuizi cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) mtu asianze kupekua mzigo kutafuta karatasi.

Na watu? Kabini ikijaa, waliobaki wasubiri gari la pili. Hakuna mkanda wala boksi linaloweza kumlinda mtu aliyekaa juu ya kuni.

Njiani

Simama kilomita 5 za mwanzo, au pale barabara ya vumbi inapokutana na lami. Magogo hujipanga upya kwenye matuta ya mwanzo na mikanda hulegea. Vuta kila mkanda, tikisa boksi, fungua kifuniko na unuse. Harufu hafifu ya oili ni ya kawaida. Harufu kali ya petroli si ya kawaida, hata kama huoni tone.

Ukiikuta, zima injini ya gari, zima sigara zote, usiwashe tochi ya simu juu ya boksi. Acha kifuniko wazi upepo upite, toa mashine, iweke mita 10 upande ambao upepo unaelekea, mbali na gari. Mara nyingi chanzo ni kifuniko, mara chache ni bomba la mpira la petroli lililopasuka. Kama ni bomba, rudisha petroli yote kwenye jerikeni. Kilicholowa kifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho kisirudi ndani ya boksi wala kabini. Kifunge nje kikauke kwa upepo.

Mvua ikianza, tandaza turubai juu ya boksi na uache pembe za chini wazi. Turubai lililokazwa pande zote linaziba yale matundu ya hewa uliyoyatoboa.

Ukifika nyumbani

Toa chenso na jerikeni kabla ya kushusha kuni, kwa sababu ushushaji huja na watoto, majirani na kelele. Mashine isikae jikoni wala chumba cha kulala. Stoo yenye dirisha, mbali na jiko la mkaa na pikipiki, inafaa. Kama haitatumika kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, mimina petroli kwenye jerikeni, washa mashine nje iungurume taratibu hadi izime yenyewe, ili kabureta isibaki na petroli inayogeuka kuwa gundi.

Kisha vuta sinia la kwenye boksi uone kilichodondoka. Oili kidogo nyeusi yenye unga wa mbao, mwaga mchanga na uweke mpya. Doa jembamba linalonuka petroli, badilisha mpira wa kifuniko kabla ya safari ijayo. Hauchukui hata dakika 5 kuubadilisha.